Kuzungumza na Mzazi Mkatoliki kuhusu Wokovu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya mtu mzima anayesema ameokoka, ambaye mama au baba yake ni Mkatoliki na kila wakigusa habari za imani mmoja anainuka na kuondoka. Mimi nililelewa na rozari, nikahama kanisa, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikimhubiria mama yangu kama vile hajawahi kulisikia jina la Yesu. Mengi yaliyomo humu niliyajua nikiwa nimeshaharibu.

Je, nimuulize tu waziwazi, "Mama, umeokoka?"

Unaweza, ila mtapishana kabla hajafungua kinywa. Sikiliza neno lenyewe. Kamba imekatika, mlango umefunguka, mtu ameokoka: kiishio hicho kinaeleza hali iliyokwisha kutokea, wala hakimtaji aliyeifanya. "Kuokolewa" ni kitu kingine, maana papo hapo unajiuliza, kuokolewa na nani? Sasa ukiongeza na ile "-me-" ya jambo lililotimia, mzazi Mkatoliki anayesikia "nimeokoka" anamsikia mtu aliye katikati ya mto akitangaza kwamba keshavuka. Kwake ni majivuno. Naye akijibu "hayo anayajua Mungu," wewe unasikia mtu asiye na Yesu. Hakuna kati yenu aliyemsikia mwenzake.

Biblia yenyewe inatumia nyakati zote. "Tuliokolewa kwa taraja" (Warumi 8:24). "Mmeokolewa kwa neema" (Waefeso 2:8). "Sisi tunaookolewa" (1 Wakorintho 1:18). "Tutaokolewa na ghadhabu" (Warumi 5:9). Na Mathayo 24:13 inakitumia kitenzi chako kilekile katika wakati ujao: mwenye kuvumilia hata mwisho "ndiye atakayeokoka." Wewe umeshika "-me-," yeye ameshika "-ta-," na nyote mna aya.

Swali lililonisaidia mimi lilikuwa hili: "Mama, ukifikiria siku utakayosimama mbele za Mungu, utategemea nini?" Kisha nikanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikonishinda miaka yote. Nilikuwa nimejiandalia hoja za kumjibu akisema "matendo yangu mema." Akasema, "Huruma yake. Nina nini kingine?" Hoja zangu zote zikakosa pa kwenda.

Lakini si wanafundishwa kwamba mtu anaokolewa kwa matendo?

Hapana. Ukianza na shtaka hili mbele ya Mkatoliki anayejua katekisimu yake, utapoteza heshima dakika ya kwanza.

Mtaguso (yaani mkutano wa maaskofu) wa Orange, mwaka 529, ulikataa hata wazo kwamba mtu anaweza kuanza kumwelekea Mungu kwa nguvu zake mwenyewe, neema ikaja baadaye kumsaidia. Mtaguso wa Trento, ule ulioitishwa kuwajibu akina Martin Luther, walioanzisha Uprotestanti, ulitoa hati yake kuhusu kuhesabiwa haki tarehe 13 Januari 1547. Kanuni yake ya kwanza inamlaani yeyote anayesema mwanadamu anaweza kuhesabiwa haki mbele za Mungu kwa matendo yake mwenyewe bila neema ya Mungu kwa njia ya Yesu Kristo. Ni ya kwanza kabisa kati ya kanuni 33. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inasema katika namba 2010 kwamba hakuna awezaye kustahili neema ile ya mwanzo.

Tena tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja wakikiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yoyote iliyomo ndani yetu. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006, na makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Naye Papa Benedikto XVI, akifundisha tarehe 19 Novemba 2008, alisema maneno ya Luther "kwa imani tu" ni ya kweli, mradi imani hiyo haipingani na upendo.

Je, wapo Wakatoliki wanaoishi kama watu wanaojinunulia mbingu kwa sadaka na novena (sala za siku tisa)? Wapo. Na wapo walokole wanaojinunulia kwa mifungo na zaka. Ugonjwa huo hauulizi dhehebu.

Basi tunatofautiana wapi hasa?

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi tunaporuka.

Kwanza, maana ya "kuhesabiwa haki." Katika mapokeo ya Kiprotestanti ni hukumu ya mahakamani: hakimu anatamka kwamba huna hatia, kwa sababu haki ya Kristo imewekwa kwenye hesabu yako. Kazi ya kukubadilisha tabia, yaani utakaso, inafuata na ina jina lake. Mkatoliki haitenganishi hiyo miwili. Kwake Mungu akikuhesabia haki anakufanya kuwa mwenye haki, anakumiminia neema ya utakaso rohoni, na neema hiyo inaweza kukua. Ndiyo maana anaona vigumu kusema kazi imekwisha. Ameanza kutengenezwa, na bado anatengenezwa.

Pili, neema hiyo inaweza kupotea. Dhambi ya mauti, yaani dhambi nzito iliyotendwa kwa kujua na kwa kukusudia, inaiua, na mahali pa kuirudisha ni sakramenti ya kitubio, yaani kuungama kwa padri. Usidhani Waprotestanti wote wanasema kinyume. Wafuasi wa Calvin, mwanamageuzi mwingine wa wakati wa Luther, wanafundisha kwamba mteule hapotei kamwe. Wamethodisti na Wapentekoste wengi wanakubali kwamba mtu anaweza kuanguka. Kwa hiyo kabla hujamkosoa baba yako, muulize mchungaji wako anasema nini.

Tatu, mastahili. Trento inasema matendo mema ya mtu aliye katika neema yanastahili thawabu kweli, hata ongezeko la neema na uzima wa milele. Mlokole akilisikia hilo anashtuka, na mimi bado nashtuka. Mkatoliki atakujibu kwa maneno ya Agustino, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, kwamba Mungu akiyatuza mastahili yetu anazituza zawadi zake mwenyewe. Jibu ni zuri. Kama linatosha, huo ndio mjadala halali wa kukaa nao na mzazi wako jioni nzima, na ni bora kuliko kuzozana juu ya sanamu.

Nne, njia. Wewe unasema imani inapokea moja kwa moja. Yeye anasema Kristo huyohuyo anakugusa kwa maji, mafuta, mkate na divai, mikononi mwa Kanisa.

Yakobo 2:24 hunimaliza kila mara. Nijibuje?

"Mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake." Ndiyo mahali pekee katika Agano Jipya ambapo maneno "imani peke yake" yanakutana, na yametanguliwa na "si." Luther alipotafsiri Warumi 3:28 katika Agano Jipya lake la mwaka 1522 aliongeza neno "tu" ambalo halimo katika Kiyunani, akatetea kwamba Kijerumani kizuri kinalidai. Mzazi wako akilijua hilo atalitumia.

Jibu la kawaida la Kiprotestanti ni kwamba Yakobo anazungumzia imani iliyokufa, ile ambayo hata mashetani wanayo (2:19), na kwamba matendo ni ushahidi wa imani iliyo hai. Naliona ni jibu zuri. Ila lisome polepole: imani iliyo hai lazima izae matendo. Mwambie mama hivyo bila kuongeza neno, uone kama atakupinga.

Kwa nini anakataa kusema ana uhakika wa mbingu?

Kwa sababu amefundishwa kwamba kujihakikishia ni kujitukuza. Trento ilikataa kile ilichokiita tumaini la bure, na ikasema hakuna ajuaye kwa hakika kwamba atadumu hadi mwisho, isipokuwa amefunuliwa na Mungu kwa namna ya pekee. Anaye Paulo upande wake: "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka" (Wafilipi 2:12). Wewe unaye Yohana, aliyeandika ili waaminio wapate kujua kwamba wana uzima wa milele (1 Yohana 5:13).

Usichanganye kukosa uhakika na kukosa tumaini. Tumaini kwa Mkatoliki ni fadhila ya kimungu, pamoja na imani na upendo, na kulikata ni dhambi. Mtu anaweza kusema "natumaini" kwa utulivu mkubwa kuliko mwingine anayesema "najua" huku akiogopa usiku. Lakini kama mzazi wako kweli ana hofu, kama anaishi akihesabu makosa ya ujana wake ambayo ameyaungama mara ishirini, basi hapo una kitu cha kumpa. Msomee Wafilipi 2:13, aya inayofuata ile ya kutetemeka: "Kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu." Au muulize kwa nini anaamini padri aliposema "nakuondolea dhambi zako" kisha anaendelea kujishtaki kwa dhambi hiyohiyo. Swali hilo liko ndani ya imani yake, na litamfikia.

Nilibatizwa upya kwa maji mengi, mama akalia. Kwa nini jambo hili linamuuma hivyo?

Kwa sababu umemwambia, bila maneno, kwamba siku ile aliyokubeba kukupeleka kwenye kisima cha ubatizo hakikutokea kitu.

Yohana 3:5 inasema mtu "asipozaliwa kwa maji na kwa Roho" hawezi kuuingia ufalme wa Mungu. Mkatoliki anaposikia "kuzaliwa mara ya pili" anafikiria ubatizo, si mkutano wa injili wala sala ya toba. Na ubatizo kwake unatia alama isiyofutika rohoni, ndiyo maana haurudiwi. Hata wewe ungezaliwa katika kanisa la Kiprotestanti, ukabatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, kisha ukahamia kwao, kwa kawaida wasingekubatiza tena.

Hutakiwi kukana msimamo wako. Kama unaamini ubatizo unatanguliwa na imani ya anayebatizwa, sema hivyo. Lakini anza na shukrani: "Mama, najua ulinipeleka kwa Mungu kabla mimi sijamjua." Hilo ni kweli, hata kwa theolojia yako. Na jambo dogo wengi hatulijui: kila mkesha wa Pasaka waamini Wakatoliki wanasimama na kurudia ahadi za ubatizo, wanamkataa Shetani, wanamkiri Kristo kwa sauti. Ukimwambia mzazi "hujawahi kumkiri Yesu hadharani," anajua kwamba husemi kweli.

Maria na watakatifu: nivunje ngome hii kwanza?

Hapana, hii iache mwisho. Wengi wetu tunaanza hapa kwa sababu tunaona ni rahisi, na ndiyo njia fupi ya kufunga mazungumzo.

Kwa ufupi: mafundisho yao yanatofautisha kuabudu, ambako ni kwa Mungu peke yake, na kuheshimu. Sala ya Salamu Maria inaishia "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu," maana yake anaombwa aombe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1964 ulikariri 1 Timotheo 2:5, kwamba mpatanishi ni mmoja, ukasema nafasi ya Maria haiupunguzi upatanishi huo. Unaweza kupinga kwamba walio mbinguni waombwe hata kidogo. Mimi napinga, sioni amri wala mfano wa jambo hilo katika Maandiko. Ila pinga kile wanachosema. Na kama mzazi wako mwenyewe anamtaja Maria mara hamsini na Yesu mara moja (rozari ndivyo ilivyo, utasema, lakini kila Salamu Maria inalitaja jina la Yesu, na mafumbo, yaani matukio yanayotafakariwa, karibu yote ni ya maisha yake), muulize kwa upole anapoomba anamfikiria nani.

Na toharani?

Si nafasi ya pili baada ya kufa, wala si jehanamu ndogo. Katekisimu (1030 na kuendelea) inasema ni utakaso wa wale waliokufa katika neema, ambao tayari wana hakika ya wokovu wa milele. Yaani, kwa Mkatoliki, walioko toharani ndio waliookoka! Katika waraka wake wa mwaka 2007 kuhusu tumaini, Benedikto XVI alitaja maoni ya wanateolojia wanaosema moto huo ni Kristo mwenyewe, kukutana naye uso kwa uso.

Swali lako la haki linabaki: kama damu ya Yesu inasafisha dhambi yote, ni nini kimebaki cha kusafishwa? Uliza. Atakujibu pengine kwa 1 Wakorintho 3:15, "kama kwa moto," au kwa 2 Wamakabayo 12, kitabu ambacho wewe huna.

Kwa nini Biblia yake ina vitabu zaidi?

Yake ina 73, yako 66. Vilivyozidi ni Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na viwili vya Wamakabayo, pamoja na nyongeza katika Esta na Danieli. Trento ilivithibitisha mwaka 1546, lakini orodha yenyewe ilikwishatajwa kwenye mitaguso ya Afrika ya Kaskazini mwishoni mwa karne ya 4. Kwa hiyo "waliviongeza kumpinga Luther" si hoja ya kutumia. Mkitaka kusoma pamoja, chagueni Luka. Hakuna atakayelalamika.

Anasema nimepotea kwa kuwa nimeliacha Kanisa. Ni kweli ndivyo wanavyofundisha?

Kuna makali hapa, nisikufiche. Hati ya Vatikano II kuhusu Kanisa, *Lumen Gentium*, inasema katika namba 14 kwamba anayejua kuwa Kanisa Katoliki lilianzishwa na Mungu kwa njia ya Kristo kama la lazima, kisha akakataa kuingia au kudumu ndani yake, hawezi kuokoka. Neno zito ni "anayejua." Hati ya uekumene (umoja wa Wakristo) ya mwaka huohuo, 1964, inawaita Wakristo waliobatizwa nje ya Kanisa Katoliki ndugu, inakiri kwamba Roho wa Kristo anayatumia makanisa yao kama njia za wokovu, na haiwahesabii dhambi ya utengano wale waliozaliwa humo.

Wewe hukuzaliwa humo, uliondoka. Kwa hiyo usijikinge nyuma ya maneno hayo, atakushika. Mweleze tu kwa nini uliondoka, kwa dhamiri gani. Wazazi wengi wanadhani mtoto aliondokea muziki, mchumba au miujiza.

Nizungumze naye lini?

Msipokuwa na hadhira. Mzazi hakosolewi mbele ya wajukuu wala ndugu, na ukimkosoa hapo, hata ukiwa na haki, ataitetea heshima yake na habari za imani zitasahaulika. Omba ruhusa: "Baba, kuna jambo la imani ningependa nikuulize, ukipata nafasi." Uliza kweli, kama mtoto, halafu subiri siku aliyoitaja. Na ukishaulizwa wewe, jibu kwa kifupi. Petro alisema "kwa upole na kwa hofu" (1 Petro 3:15), na sisi huwa tunakariri nusu ya kwanza ya aya.

Video na mahubiri ya kumtumia kwenye simu, acha. Hasa yale ya padri wa zamani aliyeokoka.

Akiniomba twende Misa?

Nenda, kama dhamiri inakuruhusu. Komunyo usipokee. Kwa kanuni zao, asiye katika ushirika kamili hapokei isipokuwa katika hali chache za pekee, na kupanda mstarini ili usimwaibishe ni kusema "amina" kwa jambo usiloliamini. Mweleze kabla hamjatoka nyumbani. Ukiwa pale, sikiliza maneno badala ya kuhesabu makosa. Utasikia masomo mawili au matatu ya Biblia, zaburi, na kabla ya Komunyo watu wote wakisema sala ya yule akida wa Kapernaumu: "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu na roho yangu itapona."

Na kama mimi siamini tena dini yoyote?

Karibu yote hapo juu yatakusaidia kumwelewa, lakini usijifanye. Mzazi anayesali kwa ajili yako hahitaji umwambie "amina" ya uongo, mwachie asali.

Mzazi wangu ni mgonjwa sana na anaomba padri. Nimzuie nimwongoze sala ya toba badala yake?

Mwite padri. Leo, usingoje kesho.

Watoto wengine huona saa hii kuwa ya mwisho ya kumwokoa mzazi "kutoka kwenye dini," wakachelewesha simu. Ni ukatili, na sioni namna ya kulipaka jambo hili rangi. Atakayekuja ataleta Mpako wa Wagonjwa, ambao umejengwa juu ya Yakobo 5:14-15, wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Si sakramenti ya maiti. Vatikano II ilisema inafaa zaidi kuitwa mpako wa wagonjwa kuliko mpako wa mwisho, na inaweza kupokewa tena ugonjwa ukizidi. Kama anaweza kusema, ataungama. Kama anaweza kumeza, atapewa Ekaristi.

Padri akishaondoka, kaa. Hakuna anayekukataza kumsomea Zaburi ya 23, au Yohana 14, au kuomba kwa maneno yako mwenyewe ukiwa umemshika mkono. Akitaka rozari na huwezi kuisali, mtafute anayeweza, nawe ukae hapohapo. Sala ya toba unayotaka kumwongoza, msikilize kwanza: huenda keshaianza, kwa maneno aliyoyajua tangu utotoni. "Nakuungamia Mungu Mwenyezi, nanyi ndugu zangu, ya kuwa nimekosa mno." Mngojee amalize.